Simon Kimbangu: alifungwa miaka 30 Katanga, nyimbo za watu wake zikazaa orkestra ya simfoni

BUKAVU – Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Ni siku ya kumkumbuka Simon Kimbangu, mtu wa Bas-Congo ambaye hakuongoza chama cha siasa, hakushika bunduki, na kazi yake ya kuhubiri haikufika hata miezi sita kabla ya kukamatwa. Kwa miezi hiyo michache alilipa miaka 30 ya gereza.

Jina lake limefika pia mahali ambapo wengi hawalitarajii: kwenye kumbi za muziki wa klasiki. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, orkestra ambayo imepiga muziki wa Beethoven nyumbani na kusafiri na violoni zake hadi Ulaya, inabeba jina la Kimbangu. Kiongozi na mwanzilishi wake, Armand Diangienda, ni mjukuu wake.

Wageni wanaoiona orkestra hiyo kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: violoni na selo zimefikaje kwenye mitaa ya vumbi ya Kinshasa? Sehemu kubwa ya jibu iko katika maisha ya babu huyo, aliyekufa mwaka 1951 mbali na kwao, upande huu wa nchi, katika mji wa watu wa Kiswahili.

Mtoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha vilima katika jimbo linaloitwa leo Kongo Central. Kanisa lake linahesabu tarehe 12 Septemba 1887 kuwa siku yake ya kuzaliwa. Wakati huo Congo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Reli ya kutoka Matadi hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa bado haijajengwa. Mizigo ya Wazungu ilipandishwa kutoka pwani kwa vichwa na mabega ya watu wa eneo hilo, na wengi walifia njiani.

Kimbangu alibaki yatima angali mdogo, akalelewa na jamaa yake, Mama Kinzembo. Wazee wa kanisa husimulia kwamba siku moja mmisionari Mwingereza, Cameron, alifukuzwa na watu waliotaka kumuua. Mama Kinzembo akamficha nyumbani mwake na kusimama mlangoni mpaka waliomfukuza wakaondoka. Kwa simulizi hilo, mmisionari alimbariki mtoto aliyemkuta hapo, na mtoto huyo ndiye Kimbangu.

Karibu na Nkamba kulikuwa na misheni ya Wabatisti Waingereza, Ngombe-Lutete. Ni mojawapo ya misheni za zamani zaidi za Kiprotestanti nchini, na mmisionari wake Holman Bentley alikuwa ametoa Agano Jipya kwa Kikongo mwaka 1893. Kimbangu alisoma hapo. Alijifunza kusoma Biblia kwa lugha ya mama, na alijifunza kuimba nyimbo za Ulaya zilizotiwa maneno ya Kikongo. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Mama Marie Mwilu, na akawa mwalimu wa dini katika kijiji chake.

Walipata watoto watatu wa kiume: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, na Joseph Diangienda mwaka 1918. Majina hayo matatu yatarudi mbele.

Sauti ya usiku

Mwaka aliozaliwa Diangienda ulikuwa mwaka mbaya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaisha, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifika Congo na kuzika watu wengi. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya Wabelgiji na kazi za lazima. Kijana mwenye nguvu alichukuliwa kwenda kujenga njia au kukata mawese, na nyumbani hakubaki mtu wa kulima.

Katika hali hiyo, Kimbangu alisema alisikia sauti usiku ikimtuma awachunge watu. Hakuipokea kwa furaha. Alijiona ni mtu mdogo, asiyesoma sana, na alijua kwamba kuna walioitwa wakubwa kuliko yeye. Sauti iliporudi, alikimbia. Alishuka Léopoldville kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa Bas-Congo, lakini mji haukumpa maisha. Akarudi Nkamba na kushika jembe lake.

Tarehe 6 Aprili 1921 alikuwa katika kijiji cha jirani, Ngombe-Kinsuka. Ndani ya nyumba moja kulikuwa na mwanamke mgonjwa sana, Nkiantondo. Kimbangu aliingia, akamwekea mikono na kuomba kwa jina la Yesu. Waliokuwepo walisema mwanamke huyo alipona. Hiyo ndiyo siku ambayo leo iko kwenye kalenda ya nchi.

Hospitali na mashamba yabaki matupu

Habari ilitembea haraka kuliko barua. Ndani ya wiki chache maelfu ya watu walikuwa wanapanda vilima kwenda Nkamba. Wengine walibeba wagonjwa wao kwenye machela, wengine walitaka tu kuona. Treni za reli ya Matadi zilijaa. Wafanyakazi waliacha mashamba ya Wazungu, watumishi waliacha nyumba za mabwana wao, na kwenye hospitali za misheni vitanda vilibaki bila watu.

Alichofundisha kilikuwa wazi. Watu wachome dawa za uganga na sanamu za kinga. Mwanaume awe na mke mmoja. Watu waache ngoma na michezo ya usiku iliyokwenda pamoja na pombe. Hakuwaambia waumini wake wakatae kodi, wala hakuwaambia wawapige Wazungu.

Hilo la ngoma lina maana kubwa kwa habari hii. Katika vijiji vingi ngoma zilichukuliwa, zikavunjwa au zikachomwa. Kwa watu ambao maisha yao yote, kuanzia kuzaliwa hadi kuzikwa, yalikwenda kwa mlio wa ngoma, pengo lililobaki lilikuwa kubwa, na wimbo ndio uliolijaza.

Kwanza waliimba nyimbo za misheni. Lakini uhusiano na misheni uliharibika upesi, maana baadhi ya wamisionari waliona kwamba watu wao wanawatoroka. Kwa mapokeo ya kanisa, waumini wa Nkamba walichekwa kwa kuimba nyimbo za wengine. Kimbangu alikwenda pembeni kuomba, na tangu hapo watu wake wakaanza kupata nyimbo zao wenyewe. Wakimbanguisti hawasemi kwamba mtu ametunga wimbo, wanasema ameupokea. Unakuja katika ndoto, katika maombi, au mtu akiwa kazini shambani. Anauimba mbele ya wenzake, unaandikwa, unachunguzwa, halafu unaingia katika kanisa.

Kwa njia hiyo kila mtu, hata mama asiyejua kusoma, angeweza kuleta wimbo mpya.

Bula Matari aingiwa na hofu

Serikali ya koloni, ambayo watu wa Congo waliiita Bula Matari, ilimtuma msimamizi wa eneo, Léon Morel, aende kuona mambo ya Nkamba mwezi Mei 1921. Alikuta umati unaoimba na kuomba, na mtu mmoja katikati ambaye hakutetemeka mbele ya Mzungu. Morel hakukuta silaha. Hata hivyo alirudi na wasiwasi. Aliona kwamba dini iliyo mikononi mwa Mwafrika, isiyoongozwa na padri wala mmisionari, ingefika siku moja kwenye siasa.

Hofu hiyo haikuwa ya Bas-Congo peke yake. Kwa miaka yote iliyofuata Wabelgiji waliwatazama kwa jicho hilo hilo wahubiri wa Kiafrika kila upande wa koloni, mpaka huku mashariki. Kivu iliionja mwaka 1944, wakati uasi wa watu wa Kitawala ulioongozwa na Bushiri ulipowaka upande wa Lubutu na Masisi na kuzimwa kwa nguvu ya jeshi. Kimbangu yeye hakuita watu kwenye uasi wowote, lakini aliwekwa kwenye kapu moja na wote waliotishia utawala.

Tarehe 6 Juni 1921 Morel alirudi Nkamba na askari ili wamkamate. Risasi zilipigwa, nyumba zikaporwa, na Kimbangu akatoroka katika msukosuko huo. Kwa miezi mitatu alizunguka vijijini akifichwa na watu. Eneo lote liliwekwa chini ya ulinzi wa jeshi, na waliomfuata walianza kukamatwa.

Halafu, tarehe 12 Septemba, alirudi mwenyewe Nkamba, mahali ambapo kila mtu angemwona, akajitoa. Waumini wanalinganisha siku hiyo na Yesu aliyerudi Yerusalemu akijua kinachomngoja. Yeyote anayeisoma kwa namna nyingine atakubali angalau jambo moja: mtu huyo alikuwa na nafasi ya kukimbia, na hakuitumia.

Kesi ya siku chache

Alipelekwa Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, na kuwekwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na komanda De Rossi. Hakupewa mwanasheria wa kumtetea. Alishtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa dola na kuvuruga amani ya watu. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120, halafu kifo.

Wamisionari wa Kiprotestanti, hata wale ambao hawakupenda mafundisho yake, waliona kwamba hukumu hiyo imepita kiasi na waliomba huruma. Mfalme Albert I wa Ubelgiji aligeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikuwa na miaka 34.

Wabelgiji hawakumwacha karibu na kwao. Walimpeleka upande wa pili kabisa wa koloni: gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Nkamba. Ilikuwa nchi ya shaba, na lugha ya kazi huko ni Kiswahili, si Kikongo. Walidhani umbali na lugha vitalimaliza jina lake.

Miaka 30 Elisabethville

Kuhusu miaka ya gereza, maneno ni machache, maana mtu aliyefungwa peke yake haachi barua nyingi. Kinachojulikana ni hesabu yenyewe. Alifungwa mwaka 1921 na alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Katika muda huo wafalme watatu wa Ubelgiji walifuatana, vita ya pili ya dunia ilianza na kwisha, na mji wa Elisabethville ulikua kutoka kituo cha mgodi na kuwa mji mkubwa wa barabara pana. Bukavu, ambayo wakati huo Wabelgiji waliiita Costermansville, ilikuwa tayari makao makuu ya jimbo la Kivu. Kimbangu hakutoka.

Nyumbani Nkamba, Mama Marie Mwilu alibaki na watoto watatu. Mkubwa wao, Kisolokele, aliondolewa kwake akiwa bado mtoto na kupelekwa Boma kwenye shule ya koloni. Mama Mwilu aliangaliwa na polisi, lakini ndiye aliyeshika kazi ya mume wake kwa siri. Watu walikuja kwake usiku, wakaomba, wakaimba kwa sauti ya chini, wakarudi makwao kabla ya jua kutoka.

Kwa wengine hata hilo halikuwezekana. Tangu 1921 mpaka karibu na uhuru, watu waliokamatwa kwa kumfuata Kimbangu walihamishwa kwa nguvu kutoka Bas-Congo na kutawanywa katika majimbo mengine. Baadhi walipelekwa katika kambi, kama ile ya Lowa kando ya mto Lualaba. Kanisa linataja familia 37,000. Watafiti wengine wanataja idadi ndogo zaidi, lakini hakuna anayekana kwamba ilikuwa kazi kubwa ya kuvunja jamii nzima.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yale waliyoyataka Wabelgiji. Mtu aliyehamishwa kutoka Bas-Congo hakuweza kubeba kitanda chake wala shamba lake, lakini nyimbo alikuwa nazo kichwani. Alipofika kwenye kambi alizifundisha kwa wafungwa wenzake na kwa wenyeji. Dini ambayo ingeweza kubaki jambo la Wakongo wa vilima vichache ilifika hivyo katika sehemu nyingi za nchi, ikibebwa kwa gharama ya koloni yenyewe.

Herufi moja na matarumbeta

Kuna kisa cha miaka ya 1930 kinachoonyesha jinsi watu walivyomngoja. Mwaka 1934 Jeshi la Wokovu lilifika Léopoldville na sare zake, bendera zake na bendi zake za kupuliza. Kwenye kola ya sare hizo kulikuwa na herufi S. Watu wengi wa Bas-Congo waliona herufi hiyo na kusema ni ya Simon: nabii amerudi, amekuja na ngozi nyingine. Walimiminika kwa maelfu. Viongozi wa Jeshi la Wokovu wenyewe walishangaa, na ilichukua muda kabla ya watu kufahamu kwamba Simon bado yuko gerezani Elisabethville.

Sare, mwendo wa pamoja na matarumbeta vingeonekana tena baadaye katika kanisa la Kimbangu lenyewe.

Mwili warudi nyumbani

Simon Kimbangu alipokufa alizikwa huko huko Elisabethville. Mama Mwilu aliishi miaka saba na kitu baada yake, akafariki Aprili 1959. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya koloni ilikubali rasmi kanisa lao, ikiwa imebaki nusu mwaka tu kufika uhuru. Kanisa lilijiita la Yesu Kristo duniani kupitia nabii Simon Kimbangu.

Mwanzoni mwa Aprili 1960, mabaki yake yalitolewa Katanga na kupelekwa Nkamba. Mtu aliyeondoka na minyororo alirudi akipokelewa na maelfu ya watu waliovaa nyeupe na kijani, rangi ambazo waumini wake wanajulikana kwazo mpaka leo, Bukavu kama Kinshasa. Nkamba wanaiita Yerusalemu Mpya, na anayeingia huko anavua viatu.

Wana watatu walishika kazi. Mdogo wao, Papa Joseph Diangienda, aliyekuwa amefanya kazi katika ofisi za serikali ya koloni, alikuwa mkuu wa kanisa mpaka alipofariki mwaka 1992. Chini yake, mwaka 1969, kanisa liliingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Njia hiyo haikukosa ugomvi. Miaka ya baadaye, mafundisho kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu yalileta mabishano makubwa na makanisa mengine, na warithi wenyewe waligawanyika. Wakristo wengi wa Congo, Wakatoliki na Waprotestanti, hawamwoni kama wanavyomwona waumini wake. Lakini hata kati ya wasiokubali mafundisho hayo, ni wachache wanaotetea hukumu ya Thysville.

Kutoka fanfari hadi simfoni

Katika kanisa la Kimbangu muziki ni kazi ya kila siku. Kila parokia ina kwaya. Kuna fanfari ya kanisa, inayojulikana kwa jina la FAKI, na kikundi cha filimbi, FLUKI. Hata michango inatolewa kwa muziki: katika nsinsani, waumini wanajipanga kwa vikundi na kupita mbele kutoa sadaka, wakitembea kwa mdundo wa fanfari, kila kikundi kikitaka kuzidi kingine. Kwa michango ya namna hiyo walijenga shule na vituo vya afya, na pia hekalu kubwa la Nkamba lililozinduliwa mwaka 1981.

Mtoto anayekulia humo anajifunza kusimama kwenye mstari, kusikiliza sauti ya jirani, na kuingia kwa wakati wake. Ndiyo mambo yale yale ambayo orkestra ya simfoni inayahitaji.

Msomaji wa Congo anayesikia neno orkestra anafikiri kwanza rumba: African Jazz, OK Jazz, magitaa na waimbaji wachache jukwaani. Orkestra ya simfoni ni kitu kingine. Ni watu 60, 80 au zaidi, wengi wao wakipiga vyombo vya nyuzi, violoni ndogo mpaka kontrabasi ndefu kuliko mtu, pamoja na filimbi, matarumbeta na ngoma. Wote wanasoma muziki ulioandikwa, na mtu mmoja anasimama mbele na kijiti kuwaongoza.

Papa Diangienda alitamani kanisa liwe na orkestra ya namna hiyo. Alifariki kabla ya kuiona. Mwanawe Armand, ambaye kazi yake ilikuwa rubani wa ndege, alibaki bila kazi, na mwaka 1994 alikusanya kikundi kidogo cha waumini. Hakuwa amesoma katika shule ya muziki. Violoni zilikuwa chache kuliko watu, hivyo zilipita mkono kwa mkono: mmoja anajifunza, mwingine anangoja zamu. Uzi ukikatika, na duka la kuuza nyuzi hakuna, walitumia waya wa breki ya baiskeli.

Walifundishana. Aliyejua noti alimfundisha asiyejua. Wengi walikuwa na kazi nyingine mchana: kuuza sokoni, kutengeneza umeme, kusuka nywele. Jioni walikuja kwenye mazoezi kwa miguu, na umeme ulipokatika, walingoja au waliendelea gizani. Miaka hiyo ilikuwa pia ya vita na uporaji, na orkestra ilipoteza vyombo. Kontrabasi nyingine zilitengenezwa hapo hapo Kinshasa kwa mikono.

Mwaka 2010 filamu ya Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer, Kinshasa Symphony, iliwaonyesha kwa dunia wakitayarisha Simfoni ya 9 ya Beethoven. Ni muziki mgumu. Beethoven aliukamilisha mwaka 1824 akiwa kiziwi, na mwishoni orkestra peke yake haitoshi, kwaya kubwa inaingia na kuimba kwa Kijerumani juu ya watu wote kuwa ndugu. Orkestra nyingi hupata shida kupata waimbaji wa kutosha. Kinshasa, waimbaji walikuwa tayari wamekaa ndani ya kanisa. Kilichobaki kilikuwa kufundisha ndimi za Walingala na Wakongo matamshi ya Kijerumani.

Baada ya filamu milango ilifunguka. Mwaka 2014 orkestra ilifanya ziara ya Uingereza, ikapiga katika kumbi za London na miji mingine pamoja na wanamuziki wa huko. Armand Diangienda alipewa uanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society, chama cha London ambacho, karibu miaka 200 kabla, kilimlipa Beethoven fedha ili aandike simfoni hiyo hiyo ya 9.

Walichokifunga Wabelgiji

Katika habari nyingi za magazeti ya Ulaya, orkestra ya Kinshasa inaelezwa kama muujiza: watu maskini wanapiga muziki wa matajiri. Historia ya Kimbangu inaonyesha jambo lingine. Muziki huo haukuanguka kutoka mbinguni mwaka 1994. Ulianza na watu waliopata nyimbo zao wenyewe wakati ambapo kuimba pamoja bila ruhusa ya Mzungu kulitosha kumfikisha mtu gerezani. Waliziimba kwa siri miaka 38, wakazibeba katika kambi za uhamisho, wakazifundisha watoto wao. Walipopewa ruhusa walinunua matarumbeta, na kizazi kilichofuata kikatafuta violoni.

Kwa watu wa Bukavu na Kivu, sehemu ya mwisho ya habari hii inabaki na swali. Kutoka Kinshasa mpaka Bukavu ni kama kilometa 1,500 kwa ndege, na hakuna barabara ambayo basi la wanamuziki linaweza kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Kontrabasi na ngoma kubwa hazipandi pikipiki. Kwa vijana wengi wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanaopenda muziki, orkestra inayojulikana London wanaiona kwenye simu.

Lakini kitu ambacho Armand Diangienda alianza nacho, Bukavu inacho pia. Siku ya Jumapili kwaya zinasikika kutoka kilima hadi kilima, kwa Kiswahili, Kimashi, Kirega na Kifaransa. Katika mji huu hakuna upungufu wa sauti, wala wa watu wanaoweza kuimba mistari minne bila kupotea. Vilivyopungua ni vyombo, walimu na mahali pa kukutana jioni kwa usalama.

Simon Kimbangu hakupata kusikia violoni hata moja ikipigwa kwa jina lake. Alikufa katika mji wa Kiswahili, akiwa na miaka 64, bila kujua kama kuna mtu bado anaimba Nkamba. Walikuwa wanaimba.